Wote Sifuri

Jumatatu ya kwanza ya Julai, na baridi ya asubuhi
imekaa juu ya nyasi chache za uwanja wa shule
kama mgeni asiyesema ataondoka lini.
Vijana wanakimbia. Koni zetu ni chupa za maji
zilizojazwa mchanga. Kocha Mwaisumo ana filimbi mpya,
ile ya zamani aliitafuna siku tuliyofungwa sita.

Mimi niko kwenye tofali langu, karibu na kibendera.
Cherehani nimemwachia mwanangu.
Suruali ya mwalimu mkuu itasubiri upindo.

Msimu uliopita? Usiniulize mbele za watu.
Tulishinda mara tatu, na moja ya hizo
wapinzani hawakufika: gari liliwafia Chalinze.
Kushuka daraja tulikuponea kwenye tundu la sindano,
na mimi sindano naijua.

Daftari la matokeo nimempa Mwanaidi afungie karanga.
Sasa watu wa Kipawa wanakula vipigo vyetu
kwa shilingi mia mia,
wanapuliza maganda, wanafinyanga karatasi, wanatupa.
Yaliyopita si ndwele,
yaliyopita ni karanga.

Nimenunua jipya, kurasa tisini na sita,
nyuma lina jedwali la kuzidisha.
Ukurasa wa kwanza nimechora msimamo kwa rula:
Nyota ya Kigilagila, mechi sifuri, alama sifuri.
Na wale wa Mbagala, wenye basi la vioo vyeusi,
mechi sifuri, alama sifuri.
Tazama tulivyo sawa! Tazama
sifuri zilivyopangana kama mayai kwenye trei,
nani ajuaye lipi lina kifaranga, lipi viza?

Shemeji Kilua anapita na baiskeli yake ya magimbi,
anaweka mguu chini: "Mama Shani, bado tu?
Huu ugonjwa wako hauna dawa?"
Shemeji, nimewashonea mabibi harusi wangapi
nami namjua bwana, najua na kilabu anachonywea?
Nilishona. Na shanga nilitia, kifuani na mikononi.
Nguo haijavaliwa, utaionaje doa?

Kuna kijana mgeni, Nandonde, ametoka Newala,
miguu ya korongo, maneno hana.
Juzi nilimpima kifua kwa ajili ya jezi,
tepu ikanirukaruka vidoleni.
Namba tisa nimemshonea kwa uzi wa mara mbili.
Wanne waliomtangulia pia niliwashonea,
na wote wanne niliwafumua.

Saa mbili kasoro ikapita ndege, chini, chini kabisa,
tumbo lake jeupe juu ya paa la darasa la tano,
na dunia yote ikawa mngurumo.
Ndani ya mngurumo huo krosi ikaja kutoka kulia.
Nandonde akaruka.
Mpira ukagonga mwamba, hatukusikia chochote,
ukapaa, ukaangukia mtaroni.

Ndege ilipoondoka ndipo tukasikia kicheko,
cha wenzake, cha watoto wa shule,
cha Shemeji Kilua na kengele ya baiskeli juu yake.
Wacheke. Wao waliuona mwamba.
Mimi nilimwona yeye: aliruka kabla ya wote,
alikuwa huko juu peke yake
akiungoja mpira kama mtu aliyewahi foleni ya maji,
ndoo yake ya kwanza, bomba bado linakohoa.

Mechi zinaanza mwezi wa tisa.
Kwenye daftari hakuna safu ya mwamba,
kwa hiyo nimeandika pembeni, kwa penseli,
tarehe, na jina lake, na neno moja: *karibu*.

Kisha nikarudi dukani kumalizia ile suruali.
Mguu wa kushoto nimeukata mfupi kidogo.
Kichwa kilikuwa Septemba.